Mwendo wa Aliye Nyuma

Hotuba ya redio. Somo: Mwanzo 33:12-14

Twasema nanyi kutoka nchi iliyo chini ya Mlima Elgon, Kitale upande huu na Bungoma upande ule. Wengi wenu mnaotusikiliza, mkifungua mlango asubuhi kabla mawingu hayajapanda, kitu cha kwanza mnachokiona ni mlima huo. Leo twaomba mlima huo utusaidie kulielewa Neno la Mungu.

Katika somo letu ndugu wawili wamekutana baada ya miaka mingi ya uadui. Esau ana watu mia nne, wanaume wenye nguvu, nao wanataka kwenda. Anamwambia Yakobo waondoke, wafuatane pamoja. Ni maneno mazuri ya upatanisho. Lakini Yakobo anatazama nyuma yake. Anaona watoto wadogo, anaona kondoo na ng'ombe wanaonyonyesha, naye anajua kwamba wakikimbizwa hata siku moja tu, kundi lote litakufa. Kwa hiyo anamwomba Esau atangulie, naye atafuata polepole, kwa mwendo wa wanyama na kwa mwendo wa watoto.

Twajua kwamba Yakobo alikuwa bado na hofu juu ya ndugu yake, na mwisho alielekea Sukothi. Hakuwa mtu mkamilifu. Hata hivyo jambo alilolisema juu ya watoto na kundi lilikuwa kweli, na linatuhusu sana siku hizi.

Wapenzi, ziko nchi ambako watu hupanda milima kwa kujiburudisha, na wengine huikimbia. Kule Uingereza, mwisho wa juma ukifika, watu huacha ofisi na viwanda vyao, huvaa viatu vya kushika matope, wakaenda kukimbia milimani katika mvua na ukungu. Milima yao si mirefu. Ben Nevis, ulio mrefu kuliko yote ya huko, una mita 1,345. Mji wa Kitale uko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Basi mama anayeuza nyanya sokoni Kitale amesimama mahali pa juu zaidi kuliko Mwingereza aliyepanda mpaka kileleni mwa mlima wake mkuu! Lakini tusiwacheke. Milima hiyo mifupi imeua watu wengi, kwa sababu ya baridi, upepo, na ukungu unaoficha njia.

Mwaka 1932 mtu mmoja aitwaye Bob Graham, mwenye nyumba ya wageni katika mji wa Keswick, alitoka mjini akapita vilele 42, akarudi alikoanzia kabla saa 24 hazijaisha. Mji huo wa Keswick wengine wenu mmeusikia kwa sababu nyingine, maana ndipo ulipoanza mwaka 1875 ule mkutano mkubwa wa kiroho ambao mafundisho yake yalifika mpaka Afrika Mashariki. Hata leo wako wanaojaribu safari hiyo ya vilele 42. Lakini tazama, anayejaribu hupita pamoja na wenzake. Wako wanaombebea chakula na maji, wako wanaomwonyesha njia usiku, nao ndio mashahidi kwamba kweli alifika kila kilele.

Tena wana sheria moja katika mashindano yao ya milimani. Mkimbiaji akichoka akaacha njiani, hana ruhusa ya kwenda nyumbani kimya kimya. Sharti awajulishe wasimamizi kwamba ameacha. Kwa nini? Kwa sababu jua likitua na hesabu ikapungua mtu mmoja, itawabidi watu watoke na taa usiku kumtafuta. Wa kwanza amekwisha pewa zawadi yake, amekunywa chai, lakini kazi haijaisha mpaka wa mwisho ajulikane yuko wapi. Tunaamini kwamba mtu aliyeisoma habari ya yule mchungaji wa kondoo mia moja ataielewa sheria hiyo upesi.

Sasa turudi kwetu. Mlima wetu ni volkano ya zamani iliyozimika. Kilele chake cha juu kabisa, Wagagai, kiko upande wa Uganda, na kina mita 4,321. Upande wetu wa Kenya kiko Koitobos, chenye mita 4,222. Kutoka huko juu yanashuka maji yanayotulisha. Mengine yanaingia mto Nzoia mpaka Ziwa Viktoria. Mengine yanashika mto Suam, yanakuwa Turkwel, yanafika mpaka Ziwa Turkana jangwani. Mlima mmoja unawanywesha watu wasiojuana kabisa.

Na mlima huu umezaa wakimbiaji. Wazee kati yenu wanamkumbuka Ben Jipcho, mwana wa nchi hii ya Elgon, aliyefariki mwaka 2020. Mwaka 1968, katika Michezo ya Olimpiki kule Mexico, Jipcho aliingia fainali ya mita 1,500 pamoja na Kipchoge Keino. Mshindani wao mkubwa alikuwa Mmarekani, Jim Ryun, ambaye nguvu zake zilikuwa katika mbio za mwisho. Jipcho akatoka mbele tangu mwanzo kwa kasi kubwa sana, akawavuta wote. Keino akaja akashika nafasi hiyo, akashinda nishani ya dhahabu. Na Jipcho? Alimaliza wa kumi. Baadaye zamu yake ilifika. Mwaka 1972 alipata nishani ya fedha Munich, na mwaka 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, akapata dhahabu mbili na shaba moja. Lakini mpaka leo, watu wakiisimulia siku ile ya Mexico, hawasemi habari za Keino bila kumtaja yule aliyekuwa wa kumi. Basi si kila aliyemaliza nyuma ameshindwa, na si kila aliyeshinda ameshinda peke yake.

Wapenzi wasikilizaji, tungependa kuwaeleza jambo tuliloliona sisi wenyewe. Mwaka jana, mwezi wa Januari, wakati wa kiangazi, vijana thelathini na mmoja wa parishi zetu, wengine wa upande wa Kitale na wengine wa upande wa Bungoma, walikwenda mlimani kwa siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili, nasi tulikuwa pamoja nao. Tulipita Endebess, tukaingia lango la Chorlim, tukalala chini ya ile miti mikubwa ambamo mbega hupiga kelele alfajiri. Jumamosi lori likatupeleka mpaka mwisho wa barabara, na kutoka hapo tukaanza kupanda kwa miguu kuelekea Koitobos.

Kabla hatujaanza, askari wa hifadhi aliyetuongoza aliuliza swali moja. Hakuuliza ni nani mwenye nguvu. Aliuliza ni nani anayechoka upesi. Vijana wakacheka, wakasukumana, mwisho wanne wakainua mkono kwa aibu. Akawaita, akawaweka nyuma yake yeye mwenyewe, mbele ya wengine wote. Wale wakimbiaji, vijana wenye miguu mirefu waliokuwa wakijinyoosha tangu saa kumi na mbili, akawaweka mwisho kabisa, pamoja na askari wa pili. Wakanung'unika. Mmoja akasema kwamba kwa mwendo huo tutafika Koitobos wakati wa Pasaka!

Lakini askari yule aliujua mlima. Huko juu, kwenye mita elfu nne, kila pumzi ina hewa kama sehemu tatu tu katika tano za ile ambayo mtu wa Mombasa anaivuta. Kichwa huuma, tumbo huchafuka, miguu huwa kama imefungwa mawe. Na ugonjwa huo hauchagui. Haumwogopi kijana wala mwenye mazoezi. Pengine humpata mwenye nguvu kwanza, kwa sababu amepanda kwa haraka. Dawa yake kubwa ni moja: kushuka.

Tulipokuwa tumepita katikati ya njia, kwenye ile mimea ya ajabu inayofanana na kabichi zilizowekwa juu ya nguzo, msichana mmoja, mwanafunzi wa ushonaji kutoka Kitale, akakaa chini. Kichwa kilimuuma sana, akatapika. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni. Askari akamtazama macho, akasema lazima ashuke sasa hivi, na wawili watatu waende naye pamoja na askari wa pili.

Hapo pakawa kimya. Kilele kilikuwa kinaonekana. Kila mmoja alikuwa ameweka akiba ya nauli miezi mingi. Kulikuwa na kijana mmoja wa upande wa Kapsokwony, mkimbiaji, ambaye tangu Krismasi alikuwa akiwaambia wenzake kwamba atakuwa wa kwanza kulishika jiwe la Koitobos. Akautazama mlima muda kidogo. Kisha akasema, "Mimi nitashuka naye." Wawili wengine wakamfuata. Walimshika msichana yule mikono, wakashuka hatua kwa hatua, kwa mwendo wake. Walipofika kwenye lori alikunywa chai kidogo, na jioni, tuliporudi kambini chini zaidi, tulimkuta anachambua maharagwe na kuimba.

Lakini usiku, tulipoota moto, yalizungumzwa mambo ambayo hatukuyatazamia. Ninyi watu wa nchi hii mnakumbuka miaka ya 2006 hadi 2008, jinsi damu ilivyomwagika kwenye mlima huu kwa ajili ya mashamba, na jinsi maelfu ya watu walivyohama nyumba zao. Wawili hawa walikuwa watoto wachanga wakati huo. Kijana alisimulia alivyoambiwa na mama yake. Usiku mmoja walikimbia, yeye akiwa mgongoni. Lakini nyanya yake alikuwa mzee, hakuweza kukimbia. Basi jamaa yote ilitembea kwa mwendo wa yule mzee, ingawa nyuma yao walisikia kelele. Hakuna aliyemwacha. Msichana naye akasema kwamba yeye pia alibebwa mgongoni usiku, kutoka upande wa pili wa mlima huo huo, na baba yake hakurudi tena kwenye shamba lao. Nyumbani kwake na nyumbani kwa kijana yule kila mmoja alikuwa amefundishwa kuwaogopa watu wa mwenzake.

Hakuna aliyetoa hotuba usiku ule. Asubuhi ya Jumapili tulitandika kitambaa cheupe juu ya jiwe, tukashiriki Meza ya Bwana, na wawili hao wakanywa katika kikombe kimoja. Msichana alituambia baadaye kwamba alipokuwa akishuka alikuwa akimshikilia kijana yule mkono bila kujua ni mtoto wa nani.

Wapenzi, twajifunza nini basi?

Kwanza, twajifunza kuwaweka wanyonge mbele, machoni petu. Mwendo wa jamaa hupimwa kwa yule asiyeweza kwenda haraka. Katika Kumbukumbu la Torati 25 Mungu anawakumbusha Waisraeli jinsi Amaleki alivyowatendea njiani. Hakuwapiga wale wa mbele. Aliwapiga waliobaki nyuma, waliochoka na kulegea. Ibilisi hajabadili mbinu zake tangu siku zile. Hashambulii sana kwaya inayoimba mbele. Anamwendea yule mjane anayekaa benchi la mwisho na kutoka kabla ya baraka. Anamwendea mtu aliyeacha busaa wiki tatu tu zilizopita. Anamwendea msichana aliyeacha shule kwa sababu ya mimba, ambaye sasa huona ni afadhali kwenda mtoni Jumapili kuliko kuja kanisani kutazamwa.

Tuseme jambo moja waziwazi, na mtuvumilie. Makanisa yetu mengi yana harambee za ujenzi. Ni kazi njema. Lakini pengine tunasimama mbele na kusoma majina, fulani elfu kumi, fulani elfu tano, na watu wanapiga makofi. Na yuko baba aliyeuza kuku mmoja akaleta shilingi mia tatu, naye anasikia jina lake mwisho, bila makofi. Jumapili inayofuata hayupo. Tutamaliza ukuta, tutaweka mabati mazuri, na ndani yake tutakuwa tumepunguza watu. Yakobo alisema kwamba kundi likikimbizwa siku moja tu litakufa. Ndugu wazee wa kanisa, litafakarini neno hilo.

Pili, twajifunza kuhesabu. Wale wasimamizi wa mbio za Uingereza hawalali kabla hesabu haijatimia. Na sisi? Mwaka uliopita askofu aliwawekea mikono vijana wangapi katika parishi yako? Leo wako wapi? Je, yuko mtu mwenye majina yao? Si kwa ajili ya taarifa ya sinodi, bali kwa ajili ya kutoka na taa usiku. Yule mchungaji katika Luka 15 alijua kwamba ni mmoja aliyepungua kwa sababu alikuwa na desturi ya kuhesabu. Asiyehesabu hapotezi kitu, yeye huona tu kwamba zizi lina nafasi.

Tatu, twajifunza kwamba kushuka si kushindwa. Mkumbukeni Elia. Katika 1 Wafalme 18 alikimbia mbele ya gari la Ahabu kutoka Karmeli mpaka Yezreeli, mbio za kushangaza. Lakini sura inayofuata tunamkuta amelala chini ya mti wa mretemu jangwani, anaomba kufa. Je, Mungu alimkaripia? Alimtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa, na chupa ya maji, akamwacha alale, akamlisha mara ya pili, kwa sababu safari ilikuwa kubwa kupita nguvu zake. Ndugu uliyechoka leo, wewe mwalimu, wewe mama unayewalea wajukuu peke yako, wewe mchungaji mwenzetu unayehubiri huku moyo wako umekauka, Mungu anajua urefu wa njia yako. Keti. Kula. Mwambie mwenzako kwamba huwezi. Mlimani, kuona haya kusema kunaweza kumuua mtu.

Wala msiseme kwamba mambo haya ni ya wenye nauli ya kwenda Koitobos. Enyi vijana wa Webuye, mnacho kilima cha Chetambe, ambapo mwaka 1895 mababu wa Wabukusu walisimama ngomeni dhidi ya bunduki za Waingereza. Mnao pia vilima vya Sang'alo karibu na Bungoma. Chukueni maji na viazi vitamu, mchukueni na yule ambaye huachwa kila mara, mpande Jumamosi moja, naye awe mbele. Mtajifunza mengi kuliko katika semina.

Na sasa neno la mwisho. Tukumbuke kwamba Yakobo, alipokuwa akisema habari za kwenda polepole, alikuwa akichechemea yeye mwenyewe. Usiku uliotangulia alishindana na Mungu pale Penieli, na paja lake likateguka. Pengine kabla ya hapo asingeliona kundi nyuma yake. Mtu aliyeumia mguu hujua mwendo wa watoto. Na Bwana wetu Yesu Kristo, ambaye alikuwa na nguvu zote, aliukubali mwendo wetu. Alishuka. Alitembea barabara za vumbi na watu wazito wa kuelewa, alisimama kwa ajili ya kipofu ambaye umati ulitaka anyamaze, aligeuka kwa ajili ya mwanamke aliyegusa vazi lake kutoka nyuma. Na alipoupanda mlima wa mwisho, aliupanda amebeba msalaba, kwa ajili yetu sisi tuliobaki nyuma. Sote tulibebwa, wapenzi. Hakuna kati yetu aliyefika hapa kwa miguu yake tu.

Basi juma hili, kila mmoja wetu atazame nyuma mara moja. Taja jina la mtu mmoja aliyebaki. Nenda kwake kabla ya Jumapili, bila kumlaumu, ukatembee naye kwa mwendo wake.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyeiumba milima na kuijua miguu yetu dhaifu, twakushukuru kwa kuwa hukutuacha njiani. Uwahurumie waliochoka, walio wagonjwa, na wanaoona haya kurudi. Uiponye nchi hii ya Elgon, ili watoto wa waliokimbia na watoto wa waliofukuzwa washikane mikono. Utufundishe kuhesabu, na utupe moyo wa kushuka pamoja na mwenzetu. Kwa jina la Yesu Kristo, Mchungaji Mwema. Amina.